Kwenda Pwani kwa Mapumziko: Watamu na Mwamba Wake

Watu wengi wa bara huipanga safari ya pwani kama wapangavyo arusi. Fedha hukusanywa mwaka mzima, siku hutajwa, nguo hushonwa, jirani huombwa awatazame ng'ombe. Walakini bahari yenyewe haiulizwi neno. Basi jamaa hufika Watamu katikati ya mwezi wa Mei, mvua ya masika inanyesha mchana na usiku, maji yamekuwa rangi ya chai, na mashua zimefungwa kamba ufuoni. Hukaa siku nne chumbani wakitazama matone dirishani, kisha hurudi Nyeri au Kakamega na habari ya kwamba pwani si kitu. Nao wametumia akiba ambayo pengine haitapatikana tena kabla ya miaka miwili au mitatu.

Pwani ina kalenda yake, nayo ni ya zamani kuliko ile itundikwayo ofisini. Imeandikwa na upepo na mwezi.

Upepo wa kaskazi huvuma toka Desemba mpaka Machi. Ndio upepo uliokuwa ukileta majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi hata Lamu na Mombasa, yamejaa tende na mazulia. Wakati huo jua ni kali, mvua ni haba, na maji ya Watamu hutulia yakawa maangavu, hata mtu aliye juu ya mashua huona samaki chini bila ya kuinama. Kusi huanza Aprili na kuvuma mpaka Septemba, na mara nyingine Oktoba. Mwanzo wake huja pamoja na masika, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote. Juni, Julai na Agosti mvua hupungua, na hewa hupoa kidogo kwa namna ipendezayo watu waliozoea milima, lakini mawimbi ni makubwa na maji hukorogeka. Baina ya pepo hizo mbili huja malelezi, siku ambazo upepo haujui uelekee wapi na bahari hulala.

Hapo ndipo penye taabu ya wenye watoto wa shule. Likizo ya Aprili huangukia masika. Likizo ya Agosti huangukia kusi. Likizo ya mwisho wa mwaka ina bahari njema, lakini toka juma la Krismasi hata baada ya Mwaka Mpya bei za vyumba hupanda, tiketi za garimoshi huisha mapema, na ufuo hujaa watu kama soko la siku ya mnada. Kwa hiyo mwenye watoto afanye hima kwenda mara shule zinapofungwa, Novemba au siku za kwanza za Desemba. Mvua za vuli huweza kumnyeshea siku moja au mbili, nazo si kitu zikilinganishwa na masika. Karani asiyefungwa na shule, na mkulima ambaye mavuno yake yamekwisha kuingia ghalani, hawana budi kuchagua Januari, Februari au Machi. Agosti nayo haikosi sifa yake: toka Julai hadi Septemba nyangumi wenye nundu hupita mbele ya Watamu, wametoka katika bahari baridi za kusini kuja kuzaa katika maji ya joto, na ziko mashua ziendazo kuwatazama. Walakini safari hiyo ni ya watu wenye matumbo magumu.

Baada ya upepo kuna mwezi, na jambo hili hata watu waliokwenda pwani mara tatu hawalijui. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja, na kila siku huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kimo chake katika pwani ya Kenya hukaribia mita 4. Juma moja baadaye huja maji mafu, ambapo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo. Siku za bamvua, maji ya Watamu hukupwa kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa yapata saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa asubuhi na kupwa alasiri.

Mtu aweza kuuliza, yampasa nini haya yeye atakaye kupumzika tu? Yampasa sana. Mashua ziendazo kwenye matumbawe huondoka maji yakiwa yamekupwa, kwa sababu ndipo mwamba ulipo karibu na uso wa maji na samaki huonekana vizuri. Mtumbwi wa kuingia katika hori ya Mida wataka maji yaliyojaa. Kuoga baharini bila ya kukwaruzwa na mawe kwataka maji yaliyojaa pia. Mgeni asiyejua huamka saa mbili asubuhi, hukuta bahari imejaa hata kwenye minazi, huambiwa mashua itaondoka saa nane, hukasirika na kudhani anadanganywa. Wanaojifunza kutazama samaki kwa mara ya kwanza wangefanya vema kupanga siku ya mashua iwe ya tatu au ya nne baada ya mwezi kupevuka au kuandama: mikondo ya bamvua imekwisha kupungua nguvu, na maji hukupwa mnamo saa sita au saa saba, jua likiwa utosini na kumulika chini kabisa.

Njia ya kwenda siku hizi ni nyepesi. Toka mwaka 1931 mtu aliyeondoka kisiwani Mombasa kwenda kaskazini alipita Nyali juu ya daraja lililoelea. Akifika Mtwapa alivushwa kwa kivuko kilichovutwa kwa mnyororo na watu waliokuwa wakiimba, na Kilifi alingoja kivuko kingine. Daraja la sasa la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980, na la Kilifi mwaka 1991. Reli mpya kutoka Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, huwafikisha abiria stesheni ya Miritini kwa muda wa saa tano au sita. Kutoka hapo huchukuliwa gari hadi mjini, kisha matatu ya Malindi, ipitayo katika mashamba ya katani ya Vipingo, na baada ya Kilifi kuambaa na msitu wa Arabuko-Sokoke. Msafiri wa Watamu hateremki Malindi. Huteremka Gede, na kutoka njia panda hiyo hubaki maili 4 tu, ambazo bodaboda au tuktuk humaliza mara moja. Safari nzima kutoka Mombasa ni maili 65 hivi. Aondokaye Nairobi kwa garimoshi la asubuhi aweza kula chakula cha jioni Watamu, lakini asipange jambo lingine lo lote siku hiyo.

Katika habari ya malazi, wengi hufikiri kwamba Watamu ni mahali pa mahoteli makubwa ya Wazungu peke yake. Mahoteli hayo yapo, na mwenye uwezo na aende. Lakini zipo pia nyumba za kupanga zenye jiko, na katika nyumba ya namna hiyo jamaa ya watu watano au sita hutumia fedha chache zaidi kuliko vyumba viwili vya hoteli. Asubuhi wavuvi huleta samaki ufuoni: changu, tafi, kolekole, na pweza. Nazi hupatikana kila duka. Mahamri na mbaazi huuzwa na akina mama kabla jua halijapanda, na mtu ambaye hajaonja mbaazi za nazi kwa hamri la moto asiseme amefika pwani. Fedha zigawanywe tangu nyumbani: za njia, za malazi na chakula, na za bahari. Fungu hili la tatu ndilo litumiwalo kwanza na kwisha kwanza, kwa kuwa siku ya kwanza kila mtu huwa tajiri. Zifungwe mbali.

Kijiji chenyewe ni cha Wabajuni wavuvi pamoja na Wagiriama wa bara yake, na wenyeji husema kwamba jina lake latokana na "watu watamu". Yafaa mgeni aliye kijijini avae kama aendaye dukani, si kama aendaye kuoga. Mzee hupewa shikamoo. Mtu hapigwi picha kabla ya kuulizwa, na wakati wa Ramadhani si adabu kula njiani mchana.

Sasa mwamba. Ufuo wa Watamu una ghuba kadha zilizokatwa katika mawe ya matumbawe ya kale, na mbele yake, baharini, umesimama mwamba mrefu ambapo mawimbi ya bahari kuu huvunjika na kuwa povu jeupe. Ndani ya mwamba maji hutulia mfano wa bwawa, na humo ndimo zilimo zile ziitwazo bustani za matumbawe, karibu na pwani kiasi kwamba mashua huzifikia kwa muda mfupi. Tumbawe si jiwe, ijapokuwa ni gumu kama jiwe. Ni nyumba iliyojengwa na vidudu vidogo mno, maelfu kwa maelfu, kila kimoja kikijitengenezea chokaa chake. Ndani ya miili yao hukaa mimea midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huwapa chakula na rangi. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita moja hivi kwa mwaka. Lile lenye ukubwa wa pipa la maji, basi, lilianza kabla ya babu ya mtazamaji kuzaliwa, na mguu mmoja wenye kiatu waweza kulivunja sehemu katika nukta moja.

Vifaa vya kutazamia ni vitatu: miwani ya maji inayofunika macho na pua, mrija wa kupumulia, na viatu vya mapezi. Huazimwa kwa ada kwa wenye mashua, lakini mwenye jamaa kubwa apimishe miwani ya kila mtu kabla ya kulipa. Miwani njema hukaa usoni kwa kuvutwa pumzi kidogo tu, hata bila ya ukanda wake. Isipokaa hivyo, itaingiza maji, na mtoto aliyenyweshwa maji ya chumvi mara ya kwanza hatataka mara ya pili. Mwenye masharubu mengi atapata taabu. Hilo halina dawa ila wembe. Kabla ya kuivaa, mtu hutema mate kidogo ndani ya kioo, hupaka kwa kidole na kusuuza, ili kisifanye ukungu. Watu hucheka waonapo hivyo, na baadaye nao hutema.

Mtu asijifunzie kwenye mwamba. Siku iliyotangulia aende ufuoni, maji yakimfika kiunoni, alaze uso juu ya maji na kuvuta pumzi kwa kinywa, polepole, hata moyo uache kupiga mbio. Kwa mtu wa bara jambo gumu si kuogelea bali ni kuamini kwamba mrija utaleta hewa. Nusu saa yatosha kwa wengi. Asiyejua kuogelea aweza kwenda pia, maadamu amevaa jaketi la kujiokolea na ameshika kamba au boya la nahodha. Jaketi hilo halimzuii kutazama, kwa kuwa kazi yenyewe ni kuelea. Mashua isiyo na majaketi ya kutosha, watoto wakihesabiwa, mtu asiipande hata bei yake ikiwa nusu. Tena avae fulana, kwa sababu mtazamaji hulala kifudifudi na kusahau jua, na jioni mgongo wake hauwezi kuguswa. Asikanyage chini: wako viumbe wenye miiba mirefu myeusi, na yuko samaki afananaye na jiwe kabisa, mwenye miiba ya sumu. Asiwatupie samaki mkate, ijapokuwa baharia mwingine atampa.

Akiisha kuinamisha uso, ataona mambo ambayo hayana mfano wake katika bara. Kundi la samaki wa milia ya manjano na nyeusi hupita bila ya kumjali. Mkunga hutoa kichwa katika shimo, kinywa wazi, kama mzee aliyeamshwa. Kasa huja mara moja moja, hula majani ya bahari kama ng'ombe, kisha hupanda kuvuta pumzi. Na yuko pono, samaki wa rangi ya samawati na kijani mwenye meno mfano wa mdomo wa kasuku. Waswahili humwambia mtu asiyeamka upesi kwamba analala kama pono, na neno hilo si la utani mtupu: usiku pono hujiingiza katika upenyo wa mwamba, na jamii nyingine za pono hujifunika utando wa ute kama chandalua, wakalala fofofo. Mchana huguguna mawe ya matumbawe, husaga, na kutoa kama mchanga. Aliyenyamaza ndani ya maji husikia sauti ya kuguguna huko. Mchanga mweupe wa Watamu ambao watoto hujengea nyumba, sehemu yake imepita tumboni mwa pono.

Samaki hawa wapo kwa sababu mahali hapo havuliwi. Mwaka 1968 serikali ilitangaza bahari ya Watamu na ya Malindi kuwa hifadhi, za kwanza za namna hiyo nchini Kenya. Wavuvi walikatazwa kutega mahali ambapo baba zao walitega, na si ajabu wengi hawakupendezwa. Mkulima ambaye ameambiwa kesho shamba lake si lake ataelewa. Nje ya hifadhi, katika akiba ya bahari inayoizunguka, uvuvi wa asili uliendelea kuruhusiwa. Baadhi ya wana na wajukuu wa wavuvi wale ndio siku hizi waongozao mashua za vioo na kuwaonyesha wageni samaki. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa simu, si kwa fedha taslimu, kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Raia hulipa kidogo kuliko mgeni, akionyesha kitambulisho. Fedha za mashua ni mbali, nazo hupatanwa kabla ya kupanda.

Katika mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe yalitapika ile mimea midogo iliyo ndani yake, yakawa meupe kama mifupa, na mengi sana ya pwani ya Kenya yakafa. Yaliyo hai yamekua tena mahali pengine na mahali pengine hayakukua, na atazamaye kwa makini ataona mawe makubwa ya kijivu yaliyofunikwa na mwani katikati ya bustani. Hayo ni magofu ya mwaka ule.

Kwa kuwa mashua huchukua nusu ya siku tu, na kwa kuwa hakuna mgongo uwezao kuelea kila siku, yafaa siku nyingine ziwe za nchi kavu. Hapo Watamu penyewe Local Ocean Conservation huwatunza kasa wagonjwa na waliojeruhiwa, na wageni hupokewa. Mvuvi anayemnasa kasa kwa bahati mbaya katika wavu wake hupewa malipo kidogo ili amtoe salama, naye hurudishwa majini. Mpango huu una akili, kwa maana kasa ni mzito na wavu ni mali.

Gede ni ya asubuhi moja nzima. Ni mji wa mawe ulio ndani ya msitu, ulioachwa katika karne ya 17, na mizizi ya miti imekumbatia kuta zake hata haijulikani ni kipi kinachomshikilia mwenziwe. Bwana James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948. Zilipatikana sahani za Uchina, shanga za kioo na fedha za shaba, na nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko Nyumba ya Mkasi. Kuna msikiti mkubwa, jumba la mfalme, na kaburi lenye tarehe ambayo ni sawa na mwaka 1399. Ajabu ni kwamba Wareno, waliokaa Malindi karibu sana na hapo, hawakuandika habari za mji huu hata kidogo. Kwa nini watu waliuhama? Wengine hutaja vita, wengine hutaja maji: kisima cha msikitini kilichimbwa zaidi kwenda chini, kana kwamba maji yalikuwa yakiwakimbia. Mkulima wa nchi kavu atasimama juu ya kisima hicho muda mrefu kuliko mtu mwingine. Mwaka 2024 Gede iliandikwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

Mlangoni mwa Gede hapo hapo pana kazi ambayo mkulima asiipite. Toka mwaka 1993 watu wa vijiji vinavyopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo, katika mradi uitwao Kipepeo. Vipepeo wachache hukamatwa msituni, hutagishwa mayai, viwavi hulishwa majani ya miti yao, na pupa, yaani kiwavi aliyekwisha kujifunga ndani ya ganda lake, hupelekwa kwa ndege hata Ulaya, ambako huanguliwa katika nyumba za vioo watu wapate kuwatazama. Kazi hii haitaki ekari kumi wala jembe. Yataka msitu uwe umesimama, maana pasipo miti ile hapana majani, na pasipo majani hapana viwavi. Msitu wenyewe, wenye ukubwa wa maili za mraba 160 hivi, ndio mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyosalia Afrika Mashariki, na mwenye kupenda ndege aingie alfajiri pamoja na kiongozi.

Mida ni hori ya mikoko iliyo nyuma ya Watamu. Maji yakijaa huingiwa kwa mtumbwi. Maji yakipwa hubaki tope pana, na hapo vitwitwi na ndege wengine wa pwani, waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia, hula kwa maelfu toka Septemba hadi Aprili. Pana daraja jembamba la mbao lipitalo juu ya mizizi ya mikoko, na mkahawa uliojengwa juu ya nguzo ambapo kaa hutiwa ndani ya sambusa. Mlangoni mwa hori mtu asioge maji yanapotoka. Yana nguvu ya mto uliofurika.

Malindi mjini ni safari ya maili 15, kwa njia ya Gede. Kuna nguzo ya msalaba ya Vasco da Gama, aliyefika Aprili 1498 na kupokewa vizuri na Sultani baada ya kupata chuki Mombasa. Kabla ya hapo, mwaka 1415, twiga wa Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina. Marafa, ndani ya nchi, pana korongo la mchanga wa rangi nyekundu, nyeupe na zambarau lililokatwa na mvua. Ni zuri saa kumi na moja jioni na ni tanuri saa sita.

Lakini siku ya mwisho, ikiwa imebaki, apewe mto Sabaki, ambao wageni wachache huutembelea. Mto huu hufika baharini maili chache tu kaskazini ya Malindi. Juu kule jina lake ni Galana, na juu zaidi, kabla ya kuunganika na mto Tsavo, jina lake ni Athi. Vijito vya Kiambu, mto wa Nairobi na makorongo ya Machakos vyote humwaga humo. Mvua kubwa ikinyesha huko, baada ya siku chache bahari ya Malindi hugeuka rangi ya matofali, na wakati wa kaskazi mkondo huisukuma rangi hiyo kusini juu ya matumbawe ya hifadhi. Ndiyo sababu Watamu, iliyo mbali zaidi na mto, ina maji maangavu siku ambazo Malindi haina, na ndiyo sababu ufuo wa Malindi umepanuka kwa mchanga na tope hata baadhi ya majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yako mbali nayo.

Mwaka 2007 wanasayansi walitangaza habari za tumbawe moja la Malindi lenye umri wa miaka 300. Walilitoboa na kusoma tabaka zake, kama mtu asomavyo pete za shina la mti, kwa sababu udongo ufikao baharini huacha alama ndani ya chokaa. Toka mwaka 1700 hivi hata 1900 alama hiyo ilikuwa ndogo na haikubadilika sana. Baada ya 1900 ilianza kupanda, ikaendelea kupanda, na katika miaka ya 1970 ikafika kilele. Kila msimu ambao shamba la mteremko lililimwa pasipo matuta, maili 200 na zaidi kutoka baharini, uliandikwa humo.

Mlangoni mwa mto pana matuta ya mchanga, viboko, na mara nyingi korongo na heroe wamesimama kwenye maji ya kina kifupi. Mstari unaotenga maji mekundu na maji ya samawati huonekana wazi kutoka juu ya matuta hayo, hasa asubuhi. Viongozi wa kijiji hupatikana karibu na daraja la barabara ya Garsen, na matatu za kurudi Malindi hupita hapo mpaka jioni.